Hodi ya Waya wa Tatu

Mama huwaambia wageni kuwa mimi ni dereva wa basi.
Wageni hutazama kichochoro chetu cha Langoni,
punda wawili wa saruji wakipishana kwa kukwaruzana mbavu,
huuliza: basi gani, lapita wapi?
"Muulizeni mwenyewe," asema Mama. "Mimi nasema alivyoniambia."

Basi langu ni nyaya mbili.
Mmoja wapiga saa, mmoja wabeba maneno,
na kando yao wa tatu, mwembamba,
hana kazi ila kupiga hodi.
Abiria ni kidole cha mtoto kwenye kibao cha kugusa.
Kituo ni kiini cha mfumo.

Shule moja Matondoni ilipewa kompyuta arobaini.
Mwalimu Famau akanipigia: "Thelathini na mbili nzima.
Nane, ukifunga kifuniko ukafungua,
zaamka macho tu. Mikono imekufa."

Nikakifungua cheti kilichotoka nacho kiwandani.
Kimeandikwa: hodi ya mpigo mmoja, waya ukishuka.
Kiini kilikiamini cheti. Nami nilikiamini,
siku mbili, vidude masikioni, chai ikifanya utando.

"Bi Mwanashee alikuya kutaka sahani yake," asema Mama.
"Hukumsikia?"
Sikumsikia. Hodi ya adabu ni mara tatu,
kisha mtu hushika njia,
na aliyekwenda zake hapigi tena.
Ukiwa usingizini ikapita, utaamka kwenye kimya
uapie Mungu kwamba hakuja mtu.

Jioni akamtuma mjukuu, Bunu, miaka saba.
Huyu hana tatu wala nne.
Aliweka kidole kwenye kengele akakiacha papo hapo,
ikalia, ikalia, hadi mlango ufunguke.
Nilisimama katikati ya ngazi, kandambili moja mguuni:
kibao kile si Bi Mwanashee.
Kibao kile ni Bunu.

Nikarudi nikafuta neno la cheti.
Usisikilize mpigo, nikakiambia kiini,
tazama kama waya ungali chini.
Nikafunga kifuniko. Nikafungua.
Hesabu ya makatizo ikaruka kama mchele kwenye ungo:
elfu, elfu kumi, laki moja,
na kila dereva aliyeshiriki waya ule akaulizwa,
mgeni wako? Si wangu. Wako? Si wangu.
Kiini kikachoka, kikaandika
*katizo la tisa: hakuna aliyejali*
kikakomea mlango kwa ndani.

Nililala nikiwa na hasira na sentensi ile.
Hakuna aliyejali. Mtu mzima aliketi akaiandika.

Alfajiri nikaona.
Kibao hulala na neno la jana kinywani,
mguso wa mwisho kabla ya giza,
na hakiachi waya mpaka mtu alipokee.
Dereva wangu alilitazama, akaliona si la leo, akalikataa.
Basi lipokee. Kabla ya kuondoa komeo,
pokea kilichomo mkononi mwake, usikisome, kitupe,
ndipo ufungue.
Mistari sita.

Ikabaki orodha ya vituko,
ambamo kila mashine huandikwa kwa jina na kilema chake.
Nikazitafuta zile nane kwa jina. Zote zajiita
*Litajazwa na mtengenezaji.*
Mtengenezaji hakujaza. Maelfu duniani wana jina hilo,
na wengi wao hawana kosa.
Nikazishika kwa namba ya kibao na tarehe ya cheti,
kama mtu anavyotambulishwa kwa kovu.

Kwenye maelezo niliandika sababu, kwa ufupi.
Bunu sikumtaja.

Matondoni, Famau alifunga, akafungua,
mtoto akagusa. Hesabu ikasoma: moja.
Akagusa tena: mbili.

Sahani ya Bi Mwanashee ingali kabatini.
Bunu alipofunguliwa mlango
alisahau alichotumwa.